Namna ya Kutazama Mvua ya Vimondo Ukiwa Uani Kwako, Mtwara na Lindi

Kila mwaka ifikapo katikati ya Agosti, habari za mvua ya vimondo iitwayo Perseidi husambaa katika simu za watu, na mwenye hamu aliyeko Mtwara au Lindi hutandika mkeka wake uani, akakesha, akahesabu vimondo viwili au vitatu, kisha akaingia ndani akiamini kwamba ama habari zile zilikuwa za uongo ama anga la kwao lina upungufu. Anga la kusini halina upungufu wowote. Kilichokosewa ni usiku wenyewe. Majuma mawili kabla ya hapo, katika usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai, mvua mbili nyingine za vimondo zilikuwa zikitokea karibu na utosi wa mtu huyo huyo, katika kiangazi chenye anga kavu, na pengine yeye alikuwa amelala. Mwongozo huu nimeuandika nikimfikiria yeye.

Kimondo kinachoonekana usiku si nyota iliyoanguka. Ni punje ndogo, mara nyingi kama chembe ya mchanga na mara chache kubwa kama punje ya mbaazi, iliyoachwa angani, kwa kawaida na nyotamkia wakati ikilizunguka jua. Dunia inapoukatiza mkondo wa punje hizo, punje huingia katika angahewa kwa kasi ya kilomita 11 hadi 72 kwa kila sekunde, na huwaka zikiwa kwenye urefu wa takriban kilomita 80 hadi 120 juu yetu. Kwa kuwa dunia huukatiza mkondo ule ule katika tarehe zile zile kila mwaka, mvua za vimondo zina kalenda, na mtu anaweza kujiandaa kama anavyojiandaa kwa msimu wa korosho. Punje za mvua hizi huteketea zote huko juu, hivyo hakuna kitakachodondoka juu ya paa lako. Kimondo cha Mbozi kule Songwe, lile pande kubwa la chuma ambalo wengi wetu tulilisoma shuleni, ni kitu cha asili nyingine kabisa, na hakikuletwa na mvua za namna hii.

Jambo linaloamua utaona vingapi ni mahali vimondo vinapoonekana kutokea angani. Vimondo vya mvua moja husafiri sambamba, lakini kwa macho yetu huonekana kama vinatawanyika kutoka sehemu moja, kama vile barabara ndefu iliyonyooka inavyoonekana kuanzia kwenye ncha moja kule mbali. Sehemu hiyo tuiite kitovu. Kitovu kikiwa juu utosini, vimondo humwagika pande zote za anga lako. Kikiwa chini karibu na upeo, sehemu kubwa ya mvua humwagikia upande wa dunia usiouona. Mvua hupewa jina la kundinyota lililo nyuma ya kitovu chake, na makundinyota yenyewe, kama Ndoo, Mbuzi, Mapacha na Simba, ni yale ambayo watu wengi huyajua kwa majina kutokana na kurasa za utabiri wa nyota, ingawa hapa hatuna haja na utabiri wowote.

Sasa fikiria mahali tulipo. Mji wa Lindi uko karibu kabisa na digrii 10 kusini mwa ikweta, na Mtwara umeteremka kidogo zaidi. Kutoka hapa, kitovu cha Perseidi, ambacho kiko mbali upande wa kaskazini, huchomoza baada ya saa saba usiku na hakifiki juu zaidi ya digrii 22 au hivi, yaani ngumi mbili na kidogo ukinyoosha mkono kutoka kwenye upeo. Ua wa kawaida wa mjini, wenye ukuta, nyumba ya jirani na mwembe, huiziba sehemu hiyo yote. Mvua ambayo Ulaya inatajwa kuwa na vimondo 100 kwa saa hubaki hapa na theluthi moja tu ya hivyo katika dakika zake bora, na dakika hizo zinafika alfajiri inapokaribia. Anayekesha kuanzia saa tatu usiku hadi saa sita akisubiri Perseidi akiwa Mtwara anasubiri kitu ambacho bado kiko chini ya ardhi.

Mvua zetu ni nyingine. Ya kwanza ni vimondo vya Ndoo vya mwishoni mwa Julai, ambavyo wanaastronomia huviita Delta Akwaridi ya Kusini. Kitovu chake huchomoza upande wa mashariki kwenye saa mbili usiku, na ikifika kama saa nane na nusu usiku kinakuwa kimebakiza digrii sita tu kufika utosini. Usiku huo huo kuna vimondo vya Mbuzi, yaani Alfa Kaprikonidi, ambavyo kitovu chake kiko digrii 10 kusini mwa ikweta ya anga, yaani mstari wa kufikirika angani ulio juu kabisa ya ikweta ya dunia, na kwa hiyo hupita juu kabisa ya mtu wa Lindi muda mfupi baada ya saa sita usiku. Ukuta haukizuii kitu kilicho utosini. Hii ndiyo sababu ninasema kwamba usiku wa kuamkia 31 Julai ndio usiku wa ua wa Mtwara na Lindi kuliko usiku mwingine wowote wa mwaka. Vimondo vya Ndoo vya Julai ni vingi kidogo lakini hafifu, na huingia kwa kilomita 41 kwa sekunde. Vya Mbuzi ni vichache sana, pengine vitano kwa saa katika hali nzuri, lakini huja taratibu kwa kilomita 23 kwa sekunde, na mara kwa mara kimoja huwaka kwa mwanga mkubwa kiasi cha kumfanya hata aliyesinzia aketi. Ukikosa usiku wenyewe, siku mbili tatu kabla au baada yake bado zina kitu cha kuonyesha, kwa sababu kilele cha mvua hii ni kipana.

Ya pili ni vimondo vya Ndoo vya Mei, Eta Akwaridi, ambavyo hufikia kilele katika alfajiri za tarehe 5, 6 na 7 Mei. Hivi vimeachwa na nyotamkia ya Halley, ambayo huzunguka jua kwa muda wa takriban miaka 76, ilionekana mara ya mwisho mwaka 1986, na inatarajiwa kurudi mwaka 2061. Ni vimondo vya kasi kubwa, kilomita 66 kwa sekunde, kwa sababu dunia na mkondo wake hukutana karibu uso kwa uso, na vingi huacha nyuma yao mstari wa mwanga unaodumu sekunde kadhaa. Kitovu huchomoza kabla kidogo ya saa nane usiku, kwa hiyo muda wake ni kuanzia saa tisa hadi anga linapoanza kupauka. Adhana ya alfajiri ndiyo saa yako ya kufungia kazi. Ikisikika, mwanga wa kwanza unakuwa umeshaingia upande wa mashariki na vimondo hafifu huanza kupotea. Mtu anayekaa mjini kwenye taa asikose usiku huu, kwa kuwa vimondo vya Mei ni angavu kuliko vya Ndoo vya Julai.

Kuna mvua nyingine ambazo nitazitaja kwa kupita. Tarehe 21 na 22 Oktoba kuna Orionidi, ambazo nazo ni masalia ya Halley, na tarehe 13 na 14 Desemba kuna vimondo vya Mapacha, ambavyo kwa wingi huzishinda mvua zote nilizozitaja na ambavyo kwetu hupanda hadi zaidi ya nusu ya njia kuelekea utosini. Ningeviweka vya Mapacha mbele ya vyote kama si mvua halisi, kwani Desemba ndiyo wakati mawingu ya msimu wa mvua yanapokuwa yameanza kutanda kusini. Ukijaliwa usiku mkavu wa katikati ya Desemba, toka nje bila kujiuliza.

Kosa moja la tarehe limewakosesha wengi, nami nikiwamo. Mwaka wa kwanza niliposoma kwamba kilele cha vimondo ni tarehe 6 Mei, nilitoka uani usiku wa tarehe 6 baada ya chakula cha jioni, wakati alfajiri ya tarehe 6 ilikuwa imeshapita nikiwa kitandani. Kiswahili chetu kina njia nzuri ya kuliepuka kosa hili: sema "usiku wa kuamkia tarehe 6", na utajua kwamba unazungumzia saa za baada ya saa sita usiku, zile zinazoishia katika mapambazuko ya siku hiyo. Sababu ya kungoja usiku mkubwa ni rahisi. Mwendesha bodaboda anapokwenda kasi kwenye mvua, kifua chake hulowa kabla ya mgongo, na dunia nayo ina kifua na mgongo: kuanzia saa sita usiku hadi asubuhi upande wetu ndio unaotangulia mbele katika mwendo wa kulizunguka jua, na punje hutupiga usoni.

Kabla ya kupanga lolote, chunguza mwezi. Mwezi mpevu hufuta vimondo vingi kuliko taa yoyote ya mtaani. Huhitaji programu maalumu ya simu kwa hilo. Kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani inatosha, kwa sababu tarehe zake zinafuata mwezi wenyewe. Kwa usiku wa Julai, tarehe za mwezi kuanzia 25 hadi 8 ni nzuri. Kwa alfajiri ya Mei unaweza kwenda hadi tarehe 10, maana mwezi wa siku hizo huwa umeshazama kabla ya saa tisa. Tarehe 13, 14 na 15 lala usingizi wako. Wavuvi wa dagaa wa Mikindani na Kilwa wanaijua hesabu hii vizuri kuliko mimi, kwa kuwa nao hutegemea giza ili taa zao zivute samaki, na usiku ambao mashua zao za taa zimejaa baharini mara nyingi ndio usiku wa vimondo. Mwaka 2027 utakuwa wa bahati kwetu: mwezi utaandama karibu na tarehe 6 Mei, na tena karibu na tarehe 2 Agosti, siku ambayo jua litapatwa, hivyo mvua zetu zote mbili zitaangukia katika giza.

Mawingu ni suala jingine. Upepo wa kusi unaovuma katikati ya mwaka huleta ukavu, lakini pwani huleta pia mawingu madogo kutoka baharini, ambayo hupita na kuacha nafasi. Usikate tamaa kwa wingu la nusu saa. Walioko Masasi, Nachingwea na Ruangwa huwa na anga safi zaidi, ingawa kuanzia Agosti moshi wa kuchoma mashamba unaweza kulitia ukungu. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa jioni ile, kisha toka nje ujionee mwenyewe.

Tuje kwenye ua. Chagua sehemu ambayo ukilala chali unaona angalau nusu ya anga bila kuzuiwa na mti, na ambayo hakuna taa inayokuangaza machoni moja kwa moja. Zima taa za nje, funga mapazia ya chumba chenye taa, na kwa jirani mwenye taa ya ulinzi nenda mchana, umweleze kwa adabu unachotaka kufanya na umwombe aizime kwa saa mbili. Nimeona mara nyingi kwamba ombi hilo humfanya jirani mwenyewe aje na mkeka wake. Ikiwa taa haiwezi kuzimwa, kaa kwenye kivuli cha ukuta au tundika shuka kwenye kamba ya kuanikia nguo kati yako na taa hiyo. Umeme ukikatika usiku kama huo, ukubali kama zawadi.

Fagia sehemu hiyo kabla jua halijazama. Majani makavu ya mkorosho na mwembe ni maficho ya nge na nyoka, na hutaviona gizani. Kwa sababu hiyo mimi hupendelea kitanda cha kamba kilichotolewa nje kuliko mkeka ulio chini, na kama ni mkeka basi uwe kwenye sakafu ya saruji, mbali na fensi ya makuti. Kiti cha kawaida hakifai, kwa kuwa baada ya robo saa shingo itakuuma na utaanza kutazama chini. Vaa nguo za mikono mirefu na soksi, jipake mafuta ya kufukuzia mbu, kwa maana saa za vimondo ndizo saa za mbu wa malaria, na usijaribu kutazama kupitia chandarua, kwani wavu hupunguza mwanga kiasi cha kuficha vimondo hafifu. Julai usiku hupoa, hasa Newala na sehemu nyingine za juu za nyanda ya Makonde, na umande wa alfajiri ya Mei hulowesha shuka, chukua blanketi. Chai ya tangawizi kwenye chupa na korosho za kukaanga zinatosha kwa saa nzima.

Mjulishe pia mjumbe wa mtaa au vijana wa ulinzi shirikishi. Mtu anayeonekana amelala uani saa tisa usiku akiwa na tochi anaweza kuzua maswali ambayo ni rahisi kuyajibu mchana kuliko usiku. Kwa walioko vijijini Liwale na maeneo mengine ambako tembo huingia mashambani, baki karibu kabisa na mlango wa nyumba. Hakuna kimondo kinachostahili kufuatwa porini.

Ukishatoka nje, macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 ili yazoee giza, na kulitazama simu kwa nukta moja tu kunaweza kukurudisha mwanzo. Iache simu ndani. Kama unahitaji mwanga wa kuandikia, funika tochi kwa kitambaa chekundu kizito, maana mwanga mwekundu hafifu huyasumbua macho kidogo zaidi. Hakuna haja ya darubini, iwe ya jicho moja au ya macho mawili. Zote mbili hukunyima upana wa anga, na upana ndio unaoutaka. Usikikodolee macho kitovu chenyewe. Vimondo vilivyo karibu na kitovu huwa vifupi kwa kuwa vinakuja kama vinavyoelekea kwako, na vile virefu vya kupendeza huonekana mbali nacho kiasi. Tazama mahali penye giza zaidi, kama nusu ya njia kati ya upeo na utosi, uache macho yatulie bila kutafuta.

Hata hivyo inafaa kujua kitovu kiko wapi, ili utambue kipi ni cha mvua na kipi ni cha kupita tu. Usiku wa Julai, tafuta nyota moja angavu iliyojitenga, iitwayo Fomalhaut, ambayo kufikia saa nane iko juu upande wa kusini; kitovu cha Ndoo kiko kama ngumi moja na nusu kaskazini mwake. Kama huna saa, tumia Kilimia, kile kikundi kidogo cha nyota ambacho jina lake limetokana na kulima. Mwishoni mwa Julai Kilimia huchomoza kaskazini-mashariki kwenye saa nane usiku, na kinapokuwa kimepanda juu ya miti, kitovu chako kiko utosini. Kimondo kikipita, rudisha njia yake nyuma kwa mawazo: ikielekea kwenye kitovu, kihesabu kwenye fungu la mvua, la sivyo, kiweke kwenye fungu la pembeni.

Usichanganye na vitu vingine. Kimondo huisha ndani ya sekunde moja au mbili. Setilaiti hutembea kwa utulivu kwa dakika kadhaa, ndege hupepesa taa, na vimulimuli wa uani, ambao ni wengi kwetu, humdanganya hata mzoefu kwa pembe ya jicho.

Kuhusu idadi, namba za vimondo 25 au 50 kwa saa zinazotajwa kwa mvua zetu hudhania kitovu kiko utosini, giza kamili na anga safi. Katika ua wa kijijini usiku wa Julai, tarajia takriban 15 hadi 25 kwa saa ukijumlisha na vya pembeni. Katikati ya mji vinaweza kuwa vitano. Haviji kwa mpangilio: dakika kumi zinaweza kupita kimya, kisha vitatu vikafuatana. Mpe usiku wako saa nzima kamili kabla ya kuuhukumu, na watoto waamshwe kwa zamu badala ya kukeshwa wote.

Andika. Chukua daftari na penseli, si kalamu ya wino inayogoma kwenye umande, na uandike saa uliyoanza, saa uliyomaliza, idadi ya vimondo vya mvua na vya pembeni kwa kila robo saa, na kiasi cha anga kilichozibwa na mawingu. Shirika la Kimataifa la Vimondo, lililoanzishwa mwaka 1988, hupokea hesabu za watazamaji wa kawaida kupitia tovuti yake, na hesabu iliyofanywa kwa uangalifu karibu na digrii 10 kusini, ambako kitovu cha Ndoo hupita juu kiasi hiki, ina uzito wake. Ukirudi ndani baada ya adhana, inakili hesabu hiyo kwa usafi kabla hujalala, ukiwa bado unakumbuka kipi kilitoka upande gani.